Mwenye Ng'ombe Amekwisha Kuonywa

Wanafalsafa wanaipenda sana reli. Mwaka 1967 Philippa Foot, mwanafalsafa Mwingereza, aliandika makala kuhusu utoaji mimba, na ndani yake akachomeka mfano mdogo wa dereva wa tramu iliyokataa kusimama. Mbele kuna mafundi watano kazini juu ya reli. Njia inagawanyika, na upande wa pili yupo fundi mmoja. Dereva hana la kufanya ila kuchagua njia. Baadaye Judith Jarvis Thomson wa Marekani aliukuza mfano huo: akamtoa dereva, akamweka mpita njia karibu na wenzo wa kubadilishia reli, na pia akaleta jamaa mmoja mnene aliyesimama darajani, ambaye ukimsukuma chini mwili wake utaizuia tramu. Tangu hapo vyuo vikuu vya dunia nzima vimekuwa vikiua watu watano, au mmoja, kila muhula.

Sisi tuliwaua mwaka wa tatu, katika somo la maadili ya uhandisi. Nasomea uhandisi wa ujenzi katika chuo kikuu kimoja hapa Nairobi, na nimeegemea upande wa reli. Nyumbani ni Gatwekera, wadi ya Sarang'ombe, Kibera, na reli ya kwenda Kisumu inapita karibu nasi kiasi kwamba treni ya mizigo ikija vikombe vinagongana kabatini. Wenzangu walibishana saa nzima. Wengine waliuvuta wenzo, wengine waligoma kuugusa, mmoja akasema yeye angefumba macho na kuomba. Nikainua mkono.

"Daktari, wale watu wamefikaje pale?"

Mhadhiri alicheka, kwa wema tu. "Hilo tunaliacha nje ya mfano," akasema. "Tukiliingiza, mfano unaharibika."

Nadhani alisema kweli kuliko alivyokusudia. Foot angalau aliwapa watu wake kazi: walikuwa mafundi, wana sababu ya kuwa relini. Wasimuliaji waliokuja baadaye waliwafunga kamba, au wakawaacha tu wamesimama kama chupa ukutani, bila jina wala shughuli. Hapa kwetu kila mtu aliye relini ana sababu, na ukikaa naye kidogo atakupa mbili tatu. Mvua ikinyesha, vichochoro vya Gatwekera vinakuwa tope hadi kwenye fundo la mguu, ila kokoto za reli zinapitisha maji, kwa hiyo njia kavu ni ile. Mwanamume anayetafuta kibarua Industrial Area na hana nauli anaifuata reli kwa miguu alfajiri, maana ndiyo njia iliyonyooka. Na penye watu wengi wanaopita ndipo penye biashara.

Mama yangu anauza omena hapo. Gunia lake la kutandazia bidhaa amelishona kamba kwenye pembe nne. Honi ikilia upande wa juu, haharakishi: anashika kamba mbili kwa mkono huu na mbili kwa mkono ule, anavuta, gunia linajifunga lenyewe kama mfuko, kopo la kupimia likiwa ndani. Hatua mbili nyuma. Anaweka leso juu kuzuia vumbi. Mabehewa yanapita karibu, mtu akinyoosha mkono anayagusa. Yakiisha, anaachia kamba, gunia linafunguka, na mteja anaendelea na sentensi aliyoiachia katikati. Nimeliona jambo hili tangu nikiwa mgongoni, na kwa miaka mingi sikuona lina ajabu gani.

Halafu nikafundishwa hesabu ya breki.

Chukua treni inayotembea kilomita 30 kwa saa, yaani mita 8.3 kila sekunde. Dereva akiona mtoto mbele akavuta breki, hewa lazima kwanza ishuke kwenye bomba linalopita chini ya treni yote, kuanzia injini hadi behewa la mwisho. Tuseme sekunde 5 kabla breki hazijashika sawasawa: hizo ni mita 42 ambazo treni imekwenda kana kwamba hakuna kilichotokea. Ikiwa baada ya hapo kasi inapungua kwa mita 0.3 kwa sekunde kila sekunde, zinahitajika mita nyingine 116. Jumla ni kama 158. Ukiongeza mteremko wa 1 kwa 100, umbali unapita 210. Treni zinazotoka Limuru zinashuka kuja Nairobi, na mahali ambapo reli inapinda katikati ya vibanda dereva haoni hata mita 100. Chuma juu ya chuma hakina msuguano wa mpira juu ya lami. Kwa ajili hiyohiyo injini moja inaweza kuvuta shehena ya malori mengi, na kwa ajili hiyohiyo shehena hiyo haisimami. Wala treni haina usukani. Dereva wa treni ana honi, breki na dua.

Usiku niliofanya hesabu ile nilikosa usingizi, kwa sababu niliijua kona yenyewe.

Treni ikimgonga mtu kwetu, na imewahi kumgonga kijana niliyesoma naye shule ya msingi, sentensi inayosemwa ni moja: siku yake ilifika. Wakristo wanasema ni mpango wa Mungu, Waislamu wa mtaa wa Makina wanasema ni kadari, na matangani hakuna anayebisha. Mimi nililelewa ndani ya sentensi hiyo. Mama ni wa Legio Maria, kanisa lililozaliwa nchi ya Wajaluo mwanzoni mwa miaka ya 1960, na huko Mungu hakai mbali: anaingia katika ndoto, katika homa, katika bei ya omena. Sasa mwanawe anarudi nyumbani na daftari lenye namba 158. Swali ambalo limenikaa kifuani tangu siku hizo si la wenzo hata kidogo. Je, kifo ninachoweza kukihesabu kabla hakijatokea bado ni mpango wa Mungu?

Nilianza kutafuta katika Biblia, nikashangaa jinsi ilivyojaa uhandisi. Luka 13 kuna mnara wa Siloamu ulioanguka ukaua watu 18. Yesu anawauliza wasikilizaji kama wanadhani wale walikuwa na dhambi kuliko wakazi wengine wote wa Yerusalemu, na anajibu mwenyewe: hapana. Wahubiri wengi husimama hapo na kuita watu watubu, jambo ambalo ndilo linalofuata katika maandiko. Lakini mtu anayesomea ujenzi hawezi kuipita aya ile bila kumuuliza fundi wa mnara. Akishaondolewa lawama aliyekufa, lawama haijatoweka, ni kwamba imekosa pa kukaa.

Sheria ya Musa inaipa pa kukaa. Kumbukumbu la Torati 22 inaamuru anayejenga nyumba mpya aweke ukingo kuzunguka dari, mtu asije akaanguka na damu yake ikawa juu ya nyumba ile. Ni kanuni ya ujenzi tupu, iliyowekwa katikati ya amri kuhusu viota vya ndege na mashamba ya mizabibu. Lakini iliyonishika ni Kutoka 21. Ng'ombe akimpiga mtu pembe akafa, ng'ombe anapigwa mawe na mwenyewe hana hatia. Ila kama ng'ombe alikuwa na mazoea ya kupiga pembe, na mwenyewe alikwisha kuonywa, naye asimzuie, basi hatia inavuka kutoka kwa mnyama inaingia kwa mwenye mnyama. Ng'ombe ni yuleyule, na pembe ni zilezile. Kilichobadilika ni kwamba mtu fulani alijua.

Mhandisi ni mtu anayelipwa ili ajue. Hesabu ya breki ni onyo lililoandikwa kwa tarakimu. Ukishaimaliza, huwezi tena kusimama kaburini na kusema siku yake ilifika, kwa sababu wewe uliiona siku hiyo ikija, ulijua iko umbali wa mita ngapi. Mzee mmoja Mnubi wa Makina, fundi wa kurekebisha redio ambaye babu zake waliletwa Kibera kama askari wa KAR, jeshi la kikoloni la Waingereza, alilimaliza jambo hili kwa njia yake. Alinikumbusha hadithi ya Mtume na mtu aliyeuliza kama amfunge ngamia wake au amwache na kumtegemea Mwenyezi Mungu. Akaambiwa amfunge, kisha ategemee. "Sasa wewe," mzee akaniambia bila kuinua macho kwenye redio, "ndiye unayesomea kamba."

Hapo nilikuwa tayari kuwa hodari. Nilimwendea Mama na hoja zangu zote, ng'ombe, mnara, dari, nikamwambia ile sentensi ya matangani ni ya kuwafunika waliozembea. Alinisikiliza huku akitoa mawe kwenye omena. Kisha akaniuliza kama nilikuwepo mama wa yule kijana alipoambiwa. Sikuwepo. Yeye alikuwepo. Watu walikuwa wameanza kusema kwamba mtoto alivaa vidude vya muziki masikioni, kwamba alikuwa amekunywa, kwamba alijitakia. "Tuliposema ni mpango wa Mungu," Mama akasema, "walinyamaza."

Sijapata mhadhiri aliyenipa jambo zito kama hilo. Sentensi niliyoidhani ni maelezo ya ajali haikuwa maelezo hata chembe. Ilikuwa ukuta uliowekwa kumzunguka marehemu ili asizikwe na lawama. Ilifanya kazi ileile aliyoifanya Yesu kwa wale 18 wa Siloamu. Kwa hiyo naona sasa kwamba maneno yaleyale yanaweza kuwa kweli katika kinywa kimoja na uongo katika kingine. Mama aliyefiwa akiyasema, anamkabidhi mwanawe kwa Mungu. Mwenye reli akiyasema, anamkabidhi Mungu kesi yake mwenyewe. Wanafalsafa hupenda kauli iwe kweli au uongo popote inaposemwa, lakini wanafalsafa hawajakaa sana matangani.

Taaluma yetu nayo ina sentensi yake ya matangani, ila yetu imevaa tai: hatari inayokubalika. Ilipata umbo lake la kisheria Uingereza mwaka 1949, katika kesi ya mchimbaji wa makaa ya mawe aliyekufa mgodini, Edwards dhidi ya Bodi ya Taifa ya Makaa. Mahakama ilisema mwenye kazi lazima apunguze hatari kadiri inavyowezekana, mpaka pale ambapo gharama, muda na usumbufu wa kuipunguza zaidi vinaizidi mno hatari yenyewe. Kanuni hiyo imeokoa watu wengi na siidharau. Lakini ili upime hatari dhidi ya gharama, mwisho wa siku inabidi uhai upewe bei, na njia moja inayotumika sana ni kuangalia watu wako tayari kulipa kiasi gani ili kuepuka hatari ndogo. Tayari kulipa, kutoka mfuko upi? Mtu anayefuata reli kwa miguu kwa kukosa nauli ya matatu atajibu kwa alichonacho. Ukiifuata hesabu bila aibu, daraja la waenda kwa miguu litajengwa Karen kwa matajiri, ambako hakuna anayevuka reli kwa miguu, kabla ya Gatwekera.

Wala siwezi kukimbilia kwenye Maandiko nikadhani huko ni salama. Kutoka 21 hiyohiyo, mistari michache baadaye, inasema ng'ombe akimuua mtumwa, bwana wake alipwe shekeli 30 za fedha. Bei tofauti kwa watu tofauti ilikuwepo hata pale. Reli yetu yenyewe ilianza na hesabu za aina hiyo: kati ya 1896, kazi ilipoanza Mombasa, na 1901, ilipofika Kisumu, waliletwa vibarua Wahindi wapatao 32,000, na karibu 2,500 wakafa. Ni zaidi ya wawili kwa kila kilomita. Waafrika waliokufa hawakuhesabiwa kwa uangalifu huo. Vitabu vinawakumbuka zaidi simba wa Tsavo waliokula vibarua, ambao mchango wao katika vifo hivyo ulikuwa mdogo kuliko wa malaria na kuhara.

Mwaka 2009 msanii Mfaransa anayejiita JR alibandika picha kubwa za macho ya wanawake wa Kibera ubavuni mwa treni, na chini ya tuta akaweka mabati yenye pua na midomo yao. Treni ilipopita, kwa muda mfupi macho yalikutana na midomo na sura zikakamilika. Watu wengine waliona ni mapambo ya wageni, na labda yalikuwa hivyo. Mimi naitumia picha ile kuwachokoza wenzangu darasani: hebu wapeni watu watano wa Foot nyuso, muone kama mtauvuta wenzo kwa haraka ileile.

Tukio ninaloshindwa kulihukumu vizuri ni la 2008. Januari ya mwaka huo, baada ya uchaguzi uliobishaniwa, vijana wa Kibera waliing'oa reli kwa mikono, vyuma na mataruma, na mizigo ya Uganda ikakwama. Nilikuwa mdogo sana, nakumbuka kelele tu. Darasani tukio hilo linaitwa uharibifu wa miundombinu, na kweli ni uharibifu. Lakini ukilirudisha kwenye mfano wa Foot, ndiyo mara moja ninayoijua ambapo watu waliosimama relini walifikia kuushika wenzo wenyewe. Walikuwa wamewekwa nje ya kila meza iliyopanga njia ile, na ghafla nchi mbili zikawasikiliza. Siwezi kuwasifu. Kutoka 21 ina neno pia kwa anayefungua shimo asilifunike, na reli iliyong'olewa ni shimo mbele ya dereva ambaye hajawahi kukosana na mtu yeyote Kibera. Ila anayetaka kuwahukumu aanze na swali langu kwa mhadhiri.

Na swali hilo lina jibu refu lenye tarehe. Mwaka 2004 Shirika la Reli la Kenya lilitoa ilani kwamba wote waliojenga ndani ya mita 30 kila upande wa reli waondoke. Wakazi walipinga, mashirika yakaingia kati, na badala ya matingatinga yakafuata mazungumzo ya miaka mingi, watu kuhesabiwa nyumba kwa nyumba, na mwishowe mradi wa Benki ya Dunia wa kujenga nyumba na vibanda vipya kando ya njia na kuweka ukuta. Nimeusoma mradi ule kwa makini kuliko kitabu chochote cha falsafa. Una makosa yake, lakini mtu aliyeuchora alikuwa ameuliza watu wamefikaje pale. Ukuta wenyewe unafundisha: popote mlango ulipowekwa mbali na maji au choo, watu hutafuta upenyo. Mwanadamu hufuata njia ya mkato, na mchoro usiolikubali hilo ni mchoro wa malaika. Breki ya hewa ya treni imebuniwa kwa hekima ya namna hiyo: bomba likipasuka, breki zinajifunga zenyewe. Aliyeibuni alichukulia kwamba kitu kitaharibika tu, akapanga kuanzia hapo. Wahubiri wangeiita hali hiyo ya kuharibika dhambi ya asili.

Muhula huu nina mradi wa kuchora kilomita 3 za reli ndani ya makazi yenye msongamano. Nilimpelekea Mama mchoro wa kwanza. Nilikuwa nimemweka mita 10 kutoka kwenye reli, nyuma ya uzio, na kibanda chenye paa.

"Mita kumi ni za mtu asiyeuza," akasema. "Nani atavuka uzio kununua omena ya shilingi hamsini?"

Nikamwambia kwa kasi ya kilomita 30 siwezi kumsogeza. Akauliza nani aliyesema iwe 30. Nilirudia hesabu hapohapo, juu ya gunia. Kwa kilomita 20 kwa saa, kwenye mteremko uleule, umbali wa kusimama unashuka kutoka zaidi ya mita 210 hadi kama 105. Muda wa kupita kilomita 3 unapanda kutoka dakika 6 hadi 9. Treni inayopanda imelemewa tayari na haiwezi kupunguziwa kasi ovyo, maana ikisimama kwenye mwinuko kuiondoa tena ni kazi, lakini inayoshuka inaweza. Hivyo bei ya nusu ya hatari ni dakika tatu, upande mmoja.

Mama alitaka mita 4. Nilikataa. Tulifika 6, uzio mfupi wenye mianya ya mkono kupita, na kasi ya 20 kwa treni zinazoshuka. Nimeandika dakika zile tatu kwenye jedwali la gharama, kwenye safu yao, na mhadhiri amezizungushia kalamu nyekundu na kuandika pembeni: nani atazilipa? Ninamjibu Jumatatu.